Haikuwa Riziki, au Hatukuvuka?

Kuna maneno mawili ambayo kwetu, kwa Waislamu na kwa Wakristo sawia, hutumika kulizika pendo lisilofika: haikuwa riziki. Hutamkwa kwa upole, aghalabu na mtu aliyekwisha kupata wajukuu, ameshika tama. Alinipenda, nami nilimpenda, lakini haikuwa riziki. Yakishatamkwa hayo, mazungumzo huhamia kwenye mvua au bei ya pamba, kwa sababu anayezidi kuuliza huonekana anamhoji Mungu. Mimi nataka kuzidi kuuliza. Naamini kwamba riziki hutoka kwa Mungu, na kwa kuwa naamini hivyo, naona vibaya kumwandikia deni ambalo si lake. Swali langu ni hili: mtu awe amefanya nini kwanza, ndipo apate haki ya kusema kwamba pendo lake halikuwa riziki?

Mchezo wa kuigiza ulionisukuma kwenye swali hili haukuandikwa kwetu. Uliandikwa na Mmarekani A. R. Gurney, ukaigizwa mara ya kwanza mwaka 1988, na jina lake ni Love Letters, yaani barua za mapenzi. Jukwaani hamna chochote ila meza, viti viwili na karatasi. Mwanamume na mwanamke wanakaa bega kwa bega, nyuso zikiwaelekea watazamaji, nao wanasoma kwa sauti barua walizoandikiana tangu wakiwa watoto wa darasa la pili mpaka uzeeni, muda wa miaka 50 hivi. Mwandishi hakutaka hata wakariri maneno. Alitaka wasome, kama barua zinavyosomwa. Andrew ni mtoto wa nyumba yenye nidhamu, anapenda kuandika, na anaamini kwamba kwenye karatasi ndipo anapokuwa mtu kamili. Melissa ni mtoto wa matajiri, nyumba yao imevunjika, anapenda kuchora, na barua zinamchosha. Anataka simu, anataka kuonana. Andrew anaingia jeshi la wanamaji, anakuwa mwanasheria, anaoa mwanamke mwingine, anakuwa seneta. Melissa anaolewa, anaachika, anaingia kwenye ulevi. Wanapokuwa vijana wanakutana mara moja kwa nia ya kupendana kimwili, na mambo yanawashinda. Melissa anasema kosa ni la barua, zimewazoesha watu wawili wa karatasi. Wakiwa watu wazima wanarudiana kwa siri kwa kitambo, kisha Andrew anajiondoa kwa kuwa kuna uchaguzi na kuna jina la kulinda. Barua ya mwisho Andrew anamwandikia mama yake Melissa, kumpa pole ya msiba wa bintiye. Hapo ndipo anaandika waziwazi kwamba alimpenda binti huyo maisha yake yote.

Tazama ile meza. Katika maisha ya wahusika kati yao kuna miji, bahari, kambi za jeshi na ndoa mbili. Jukwaani, mbele ya macho ya kila aliyekata tiketi, kati yao kuna upana wa kiwiko. Mwigizaji akinyoosha mkono wake wa kushoto atamgusa mwenzake, naye hanyooshi, kwa sababu anasoma. Mtu anayeusoma mchezo huu kitabuni anaweza kuukosa ushahidi huu kabisa, akadhani habari yenyewe ni ya watu waliotenganishwa na dunia. Jukwaa linasema vingine. Linatuonyesha kwamba umbali mwingi tunaoulilia ni mwembamba kuliko tunavyosimulia, na kwamba barua, ambayo tumezoea kuisifu kuwa daraja, inaweza kutumiwa na mtu kama ukuta wa kujifichia. Andrew anaandika vizuri sana. Anaandika vizuri kiasi kwamba haoni tena haja ya kwenda.

Watu wa Kanda ya Ziwa wana mahali pao pa kulitafakari jambo hili, napo ni Busisi. Kwa miongo mingi aliyetoka Mwanza mjini kwenda Sengerema, Geita, Chato au Bukoba kwa njia hiyo alifika Kigongo, upande wa Misungwi, akakuta barabara imeingia majini. Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, kama kilomita tatu, Busisi ilionekana kwa macho: mabati yanayong'aa, miti, foleni ya malori yanayoelekea upande huu. Abiria walishuka kwenye basi, wakasubiri getini katikati ya wauza nanasi na wauza samaki wa kukaanga, kisha wakaingia kivukoni kwa miguu, basi likaingia na dereva wake peke yake. Majini palikuwa nusu saa hivi, na kusubiri kuliweza kula saa mbili nyingine. Aliyechelewa msibani, hospitalini au kwenye kikao cha mahari alikuwa na neno moja lililopokelewa bila maswali: kivuko. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, na sasa gari linavuka kwa dakika chache. Ni jambo kubwa, na waliowahi kumbeba mgonjwa usiku wanajua ukubwa wake kuliko mwandishi yeyote. Lakini daraja lilifanya pia jambo dogo, lisilotajwa katika hotuba: liliwaondolea watu udhuru. Mwana aliyekuwa haendi kumwona mama yake Busisi kwa sababu ya kivuko, na leo bado haendi, amebaki na nafsi yake. Maji yalikuwa yakificha umbali mwingine ambao hayakuusababisha.

Kwa hiyo nasema hivi. Pendo lisilotimia halipimwi kwa kutotimia kwake. Linapimwa kwa kuuliza kama lilitaka kuvuka. Kuna aliyefika pwani, akasubiri kivuko, kivuko kisije au kikamkataa. Huyo ndiye mwenye haki ya kusema haikuwa riziki, na akisema, maneno yake ni sala. Na kuna aliyekaa ng'ambo miaka 30 akiandika jinsi maji yalivyo mapana. Huyu akisema haikuwa riziki, anamsingizia Mungu.

Lugha yetu yenyewe inaujua mpaka huu. Kwa Kiswahili cha Tanzania mtu akisema kijana fulani amepeleka barua, hakuna anayedhani alikwenda posta. Amepeleka posa. Barua ya posa huandikwa kwa mwandiko wa adabu, hutiwa kwenye bahasha, aghalabu na fedha ndani yake, ikabebwa na mshenga hadi nyumbani kwa binti, ikafunguliwa mbele ya wazee. Ina mambo mawili ambayo barua za Andrew hazina. Kwanza, haitembei peke yake. Ina miguu ya mtu, na mtu huyo ataketi sebuleni asubiri, anywe maji, aulizwe ukoo. Pili, inadai jibu. Baada ya siku kadhaa itarudi barua nyingine yenye ndiyo na mahari, au yenye hapana, na hiyo hapana itaumiza, lakini itakuwa hapana ya kweli iliyotoka kwa watu wenye majina. Barua ya posa huandikwa ili barua ziishe. Ikifanikiwa, wawili hao hawatahitaji kuandikiana tena, kwa sababu mmoja atakuwa jikoni na mwingine uani, na wataitana kwa sauti.

Hata barua za mapenzi za kawaida, zile za miaka ya bahasha na stempu, zilikuwa na hofu hii ndani yake. Kila aliyesoma shule enzi hizo anaijua ile njia ya kuanza: mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa mboni za macho yangu. Watu huyacheka maneno hayo leo kwa kuwa yaliandikwa na wote, kwa mpenzi, kwa kaka, kwa mwalimu. Mimi nayaona yamebeba fikra nzito. Yanasema kwamba afya yangu haijakamilika kwa sababu sikuoni. Yanaitaja karatasi kuwa ishara ya upungufu. Vitabu vya dini navyo vinakubaliana na mwandishi huyo wa bweni. Agano Jipya lina vitabu 27, na 21 kati yake ni nyaraka, yaani barua. Na katika waraka wa pili wa Yohana mzee anakatisha kuandika kwa kuwa hataki karatasi na wino, anataka kufika wazungumze ana kwa ana, ndipo furaha itimie. Katika Qur'ani, Sura ya An-Naml, Nabii Sulaiman anamtuma ndege hudihudi na barua kwa malkia wa Sabaa, na kisa hakiishii kwenye barua. Kinaishia kwa malkia kuja mwenyewe. Barua takatifu hizo zote zinaangalia mlango. Zinangoja mtu aingie.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa washairi na kwa baadhi ya wacha Mungu, nalo lina uzito. Watasema pendo lisilotimia ndilo safi kuliko yote, kwa sababu halijachafuliwa na moshi wa jiko, madeni na mawifi. Watatutajia Cyrano, katika tamthilia ya Mfaransa Edmond Rostand ya mwaka 1897: mwanajeshi mwenye pua kubwa anayempenda Roxane, asithubutu kusema, akaandika barua zake zote kwa jina la kijana mzuri Christian. Christian anafia vitani. Roxane anajifungia kwenye nyumba ya watawa na barua ya mwisho kifuani, na kwa miaka 15 Cyrano anamtembelea kila Jumamosi bila kulitamka pendo lake. Siku ya kufa kwake anaomba aisome barua ile. Anaisoma kwa sauti, jua linazama, giza linaingia, naye anaendelea kusoma. Na Roxane anatambua kwamba katika giza lile hakuna awezaye kuona herufi, kwa hiyo huyu hasomi, anayajua kwa moyo, aliyeandika ni yeye. Ni mojawapo ya nyakati zinazogusa sana katika michezo yote ninayoijua. Lakini waangalie wanaolia hapo wanalia nini. Hawalii kwa furaha kwamba pendo limebaki safi. Wanalia kwa sababu ya zile Jumamosi za miaka 15, viti viwili bustanini, upana wa kiwiko. Nguo isiyovaliwa haina doa, ni kweli. Lakini haijamsitiri mtu. Na Qur'ani, inapotafuta mfano wa mume na mke, inachagua vazi, kila mmoja kwa mwenzake.

Mwenye pingamizi atakimbilia kwa Majnun na Laila, kisa kilichosimuliwa kutoka Uarabuni hadi Uajemi na Uhindi, na ambacho masufi walikifanya mfano wa nafsi inayomtamani Mungu. Nakubali kwenda naye huko. Katika utenzi wa Nizami wa karne ya 12, kabla Majnun hajaingia jangwani na wanyama wake, baba yake alikwenda kwa baba wa Laila kuposa, akakataliwa. Majnun alipeleka barua, kwa maana yetu ya barua. Jangwa lilikuja baada ya hapana. Ndiyo sababu masufi waliweza kulifanya pendo lake ngazi ya kumfikia Mungu: halikuwa pendo la mtu aliyejikinga, lilikuwa la mtu aliyefika mlangoni akafungiwa.

Pingamizi la pili ni la kudra, nalo ndilo zito kuliko yote. Kama kila kitu kimeandikwa, atasema mtu, basi hata kutokwenda kwako kuliandikwa. Uoga wa Andrew nao ni riziki yake. Najibu kwamba hakuna mwalimu wa dini ninayemjua anayewafundisha watu hivyo katika jambo lingine lolote. Mkulima hakai ndani msimu wa kupanda akasema kama pamba ni riziki itaota. Mtume alipoulizwa na mtu mmoja kama amwache ngamia wake bila kamba amtegemee Mungu, alimwambia amfunge kwanza, kisha amtegemee. Kamba ni kazi ya mtu, na ngamia akipotea huku amefungwa, hapo kuna kudra na kuna subira. Na kwa Wakristo, yule mtumwa wa mfano aliyefukia talanta yake ardhini alikuwa na maelezo mazuri pia: alimwogopa bwana wake. Maelezo hayakupokelewa. Inashangaza kwamba katika shamba, biashara na elimu tunataka juhudi kwanza ndipo tuseme majaaliwa, lakini katika mapenzi, mahali tunapoogopa zaidi, tunaanza na majaaliwa.

Ziwa hili lina kitabu kinachojibu pingamizi hili kuliko hoja yoyote. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa na Tanzania Publishing House miaka 35 hivi baadaye. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Myombekere na Bugonoka wanapendana, hawana mtoto, na ndugu wa mume wanamsimanga mke hadi wazazi wake wanamchukua na kumrudisha kwao. Hapa ndipo mtu angeweza kusema haikuwa riziki, na kijiji kizima kingeitikia, maana hata watoto Mungu hajawapa. Myombekere hasemi. Anafunga safari kwenda ukweni, anaketi mbele ya wakwe, anakubali kosa la jamaa zake, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, kisha anarudi kwake kuitafuta. Kitereza hana haraka hapo. Anatuonyesha ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, jirani anayesaidia, mitungi inavyojaa na inavyobebwa njiani. Kurasa hizo wapo wanaoziruka wakidhani ni maelezo ya mila tu. Kwangu ndizo kiini cha kitabu, kwa sababu pendo la mtu yule lina uzito unaopimika, lina mitungi, lina mabega yaliyochoka. Hakuna barua hata moja inayohitajika. Bugonoka anarudi nyumbani.

Lakini wako waliozuiwa kweli, na makala hii ingekuwa ya kikatili kama ingewasahau. Kisiwa hichohicho kilimzaa Euphrase Kezilahabi, na riwaya yake Rosa Mistika ya mwaka 1971 inaanza msiba wake kwenye barua. Rosa, msichana wa Ukerewe, anaandikiwa na kijana Charles. Baba yake, Zakaria, anaigundua, na kipigo kinachofuata kinafanya zaidi ya kuumiza mwili. Kinamfundisha binti huyo kuwaogopa wanaume asiowajua, hata anapofika shuleni hana kinga wala kipimo. Hapo barua ilivuka, na mkono wa mtu mwingine ukaikamata ufukweni. Je, huyu naye tumwambie hakutaka kuvuka? Hasha. Nilikwisha kusema kipimo ni kutaka kwa kweli, wala si kufika. Na angalia Kezilahabi anavyomaliza: Rosa anajiua, na mwishoni yeye na baba yake wanaletwa mbele ya Mungu kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Mwandishi angeweza kuacha neno riziki lifunike kila kitu. Badala yake aliwasimamisha watu wawili wenye majina, kesi ikahusu nani alifanya nini. Huo ndio ucha Mungu ninaoutetea: ule usiomfanya Mungu kichaka cha Zakaria kujificha.

Kuna pia ambao hawakuvuka kwa sababu walikwisha kutoa neno lao kwingine. Si mbali na Kigongo ipo Bukumbi, ambako Mapadri Weupe walianzisha misheni mwaka 1883, na vizazi vya mapadri na masista wameishi ziwani hapa bila mke wala mume. Siwaweki pamoja na Andrew. Nadhiri ni barua ya posa ya aina yake; husomwa kwa sauti, mbele ya mashahidi, na inafunga. Vivyo hivyo mtu aliyempenda mke wa mwenziwe akanyamaza hakukosa ujasiri. Alikuwa na heshima. Kuvuka ninakokusema ni kuuliza waziwazi na kulipokea jibu. Anayemwandama mtu aliyekwisha kukataa havuki, anavamia.

Kesi ngumu kabisa ni ya mwanafalsafa wa Denmark, Søren Kierkegaard, na nimeifikiria kwa muda kabla ya kuandika. Mwaka 1840 alimchumbia Regine Olsen, na mwaka uliofuata akauvunja uchumba huo akiamini kwamba Mungu alimdai maisha mengine. Miaka miwili baadaye aliandika juu ya Ibrahimu anayepanda mlimani na mwanawe, baba ambaye dini zetu zote mbili zinamjua. Je, hakuwa mtu anayemtupia Mungu uoga wake? Wapo wanaosema hivyo. Mimi naona tofauti moja inayomwokoa: hakuwahi kusema imetokea. Alisema nimefanya, akalibeba kosa hilo katika shajara zake hadi kifo. Na mwaka 1849, Regine akiwa ameshaolewa na Johan Frederik Schlegel, alimwandikia barua, akaitia ndani ya barua nyingine kwa mumewe, ili mume aamue kama mkewe aipokee. Iliandikwa kwa adabu ya mshenga. Schlegel aliirudisha bila kufunguliwa. Huyo alifika pwani, kwa kuchelewa miaka minane, na geti lilikuwa limefungwa. Akisema haikuwa riziki, nitamwitikia amina.

Litabaki pingamizi dogo, kwamba nalaumu barua katika zama ambazo hakuna anayeandika barua. Simu imechukua tu nafasi ya karatasi. Kijana wa Sengerema anayemwandikia msichana wa Nyegezi ujumbe 40 kwa siku, mwaka wa tatu sasa, bila kumtuma mtu nyumbani kwao, anakaa kwenye meza ileile ya Gurney. Na alama mbili za buluu zinazomwambia kwamba ujumbe umesomwa zinampa uongo mtamu kwamba amekwisha kwenda.

Nikifikiria mchezo huu ukiigizwa Mwanza, kwa Kiswahili, naona jambo moja ambalo mwandishi wake hakulihitaji Marekani na sisi tunalihitaji. Kwake barua ni siri ya wawili. Kwetu, kwa muda mrefu, haikuwa hivyo. Kabla ya kampeni ya elimu ya watu wazima, ambayo mradi wake wa majaribio wa UNESCO ulianzia mikoa hii ya ziwa mwaka 1968, watu wengi walisikia barua zao kwa masikio. Barua ilipokelewa kwa sanduku la posta la shule au la misheni, ikabebwa na anayekuja kijijini, na mama akamwita katekista, au karani wa chama cha ushirika cha pamba, au mtoto aliyefika darasa la tano, amsomee chini ya mwembe. Mtoto yule alisoma maneno ya mapenzi yasiyo yake kwa sauti ya darasani, akikwama kwenye mwandiko, na jibu akaliandika yeye. Aliwajua wote wawili. Alijua nani aliandika atakuja Pasaka na hakuja, na nani aliuza kuku anunue stempu.

Basi jukwaa letu liwe na kiti cha tatu, kati ya viti viwili, na mtoto aketi hapo na karatasi zote mkononi. Mwanamume asisome, mwanamke asisome. Watazame mbele, na mtoto asome za huyu na za yule, mwaka baada ya mwaka, bila kuruhusiwa kuongeza neno lake hata moja, hata pale ambapo watazamaji wote watatamani amguse mwanamume bega na kumwambia simama uende. Na ikifika barua ya mwisho, ile ya rambirambi, aikunje, amkabidhi mwenyewe aisome.